Mwenye Wimbo Ajitaje

Nyimbo ninazozisoma kazini zimejaa damu. Watu wakisikia kwamba nashughulika na mashairi ya Kiingereza ya karne ya kumi na nane, hudhani ni mambo ya maua na wachunga kondoo. Kondoo wapo. Lakini kwenye rafu ninayofanyia kazi mimi, katika maktaba moja ya hapa Toronto ambayo baridi yake inashinda ya nje, ziko nyimbo za kunyongwa. Mtu alipelekwa kitanzini mchana kweupe, umati ukajaa, na chini ya miguu yake inayotapatapa wachuuzi wakauza wimbo uliochapwa kwenye karatasi moja, eti kautunga mwenyewe akiwa jela, akijutia. Karatasi ilikuwa imechapwa kabla hajafa. Pengine marehemu hakujua hata kusoma. Kazi yangu ni kuuliza: basi ni nani aliyeandika?

Nina hasira za karibu. Mama yangu, kule Tanga, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Na hakuna kinachonipandisha mori kama jina la uongo juu ya wimbo wa mtu. Enzi zile uongo huo ulikuwa biashara. Mwuza vitabu alibandika jina la mtu maarufu juu ya shairi la mtu asiyejulikana ili liuzike. Mwanamume aliandika "Na Bibi Mmoja" kwa sababu ilikuwa fasheni. Na mabibi wenyewe, wengi wao, hawakuandika jina kabisa, maana mke ambaye jina lake limechapwa alikuwa mke wa kujibu maswali nyumbani. Kwa hiyo unabaki na maneno tu. Unatazama vina, unatazama tahajia, unatazama neno ambalo mtu hulirudia bila kujijua. Na zaidi ya yote unatazama anajua nini.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipigana na kasisi mmoja aliyekwisha kuoza zamani. Katika kitabu chake cha mashairi kuna wimbo wa mke anayepigwa na mumewe kwa koleo la moto. Wimbo huohuo ulikuwa umetoka kabla, kwenye karatasi, bila jina. Kasisi akaunyoosha kidogo, akaweka jina lake juu, na tangu hapo dunia imempa yeye. Sasa, mke wa kwenye wimbo ule anajua upande gani wa uso wa kuwageuzia watu kanisani. Anajua kwamba damu kwenye kitani huoshwa kwa maji baridi, ukitia ya moto umeipika na haitoki tena. Niliandika makala nikasema hayo si maarifa ya kasisi. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba mwanamume naye ana akili, anaweza kuwaza. Nikamwambia anaweza, ila mwanamume akiwaza kipigo huwaza ngumi, mwanamke huwaza kufua. Alicheka. Nilitamani kumrushia kikombe.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Sasa shoga yangu.

Mtu wa Unguja, mwembamba, mcheshi, mkono wake jikoni hauna mfano. Mumewe ni mhasibu anayeheshimika kuanzia Bathurst hadi Richmond Hill, mtu wa safu ya mbele msikitini. Kukitokea msiba yeye ni wa kwanza kufika. Mchango ukipitishwa ndiye anayeshika kipaza sauti, na sauti yenyewe ndogo, ya adabu. Nyumbani alimpiga mkewe. Nilijua kwa miaka. Nilimwambia aondoke, nilimpa namba za simu za watu wa kumsaidia, nilimfokea, nililia mbele yake. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Shoga, yaache." Hakunieleza kitu hata siku moja. Niliona tu anavyokaa kwenye kiti kwa kuegemea upande, na anavyovaa mikono mirefu Julai.

Ikaja siku ya hina ya binti wa jamaa zetu. Tulikodi ukumbi Vaughan, mchana wa Jumamosi, wanaume hawakanyagi. Simu zinawekwa kwenye kapu mlangoni, maana humo ndani watu wanavua mabuibui, wanacheza, wanaimba. Na tuna desturi tuliyokuja nayo kutoka kwetu. Mwenye dukuduku lake hutunga beti kabla ya siku, akampa mtu, naye akampa mtu, mpaka zimfikie mwimbaji, na mwimbaji huimba bila kusema zimetoka wapi. Fumbo likishatua, hakuna anayeuliza ni la nani wala linamlenga nani. Ukiuliza, umejivika. Ukikasirika, umelivaa na vifungo umefunga. Kwa njia hiyo wanawake wamechambana, wamewalilia waume zao mbele ya mawifi zao, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeshikwa.

Mwimbaji akakohoa, ngoma ikaanza, akaimba:

Kwetu kuna mpigaji, ngoma yake haitoki,
Barazani ni mchaji, mdomo haufunguki,
Ndani huwa mchinjaji, kilio hakisikiki,
Jirani huniuliza, arusi hiyo ya nani?

Bibi harusi, mtoto aliyekulia Richmond Hill, anayekielewa Kiswahili nusunusu, aliruka akaanza kucheza. "Auntie, I love this one!" akanipigia kelele, mabega yakienda. Watu wazima walikuwa wamenyamaza. Bibi mmoja alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, na wifi yake pembeni akamtazama, halafu akatazama chini haraka.

Mimi nilijua kabla kituo, ule mstari wa mwisho, hakijarudiwa mara ya pili. Shoga yangu kila kelele huiita arusi. Watoto wakikimbia ghorofa ya juu, arusi. Lori la taka likipita, arusi. Sufuria ikianguka jikoni kwake, ananiandikia: leo kwangu arusi. Kwa miaka nilikuwa nikiusoma ujumbe wa namna hiyo na kucheka. Pale ukumbini ndipo nilipojua sufuria ilikuwa nani. Nilihisi mambo mawili kwa pamoja, na yote nayasema: nilitaka kwenda kumchinja yule mwanamume, na nilijivuna kwamba nimemtambua mtunzi.

Nikamwinamia sikioni. "Ni wako huu."

Alikuwa amenyoosha mikono, hina mbichi mpaka kwenye viwiko, hawezi hata kunifinya. "Wewe kazi yako kufukua makaburi," akaniambia bila kunitazama. "Miye ni hai bado. Nyamaza."

Kumbe kapu halikuwa na simu zote. Mtu alirekodi, akamtumia dada yake, dada akamtumia mwingine, na haukupita muda wimbo ukawa umezagaa kwenye simu za watu Toronto, Mombasa, Dar, London. Waume wengi waliusikia, kila mmoja akadhani ni wa jirani yake. Mmoja tu hakudhani hivyo.

Alikuja kwangu saa sita mchana. Nakaa karibu na Lawrence Heights, nyumba za ghorofa, kuta nyembamba. Nilikuwa natwanga kitunguu thomu. Alivua viatu mlangoni, akaniita shemeji, akaweka boksi la halua mezani. Aliulizia afya ya mama yangu. Nikamkaribisha kwenye kiti cha jikoni, nikarudi kwenye kinu changu, maana sikutaka mikono yangu ikae bure mbele yake.

"Shemeji," akasema, "nimesoma ile makala yako ya kasisi."

Nikasema ahsante.

"Nzuri sana. Umesema mtu anaweza kuficha jina, lakini hawezi kulificha neno analolirudia. Mimi ni mtu wa hesabu, hilo nimelielewa." Akatoa simu mfukoni. Haikuwa yake, niliitambua kwa lile ganda la maua. Ilikuwa ya mkewe. "Nimejaribu mwenyewe, lakini mimi si mtaalamu. Tazama. Arusi. Hapa tena, arusi. Hapa tena. Halafu sikiliza wimbo. Nataka uniambie neno moja tu: ndiyo, au siyo."

Ile ilikuwa njia yangu. Hakuikosea hata hatua. Niliitengeneza kwa ajili ya kumrudishia haki yake mwanamke aliyekwisha kufa, na yeye kaibeba kama panga kaja nalo jikoni kwangu, amtafute aliye hai. Jina ambalo ningelitaja ndilo ambalo lingepigwa kabla ya magharibi. Na nikisema siyo, asingeniamini. Mtu kama yule hatoki mikono mitupu, lazima apewe mtu.

"Ni wangu," nikasema.

Akatabasamu. "Wako?"

"Wangu."

"Na arusi?"

"Neno nimeliiba kwake. Washairi ni wezi, shemeji. Ungeisoma makala mpaka mwisho ungejua."

Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, limesahauliwa. Akasema polepole, kwa ile sauti yake ya kipaza sauti, "Yaani wewe ndiye umeuambia ulimwengu kwamba mimi ni mchinjaji."

Ningeweza kukana. Ningesema si wewe, ni mtu mwingine, ni wimbo tu. Lakini nilimwona na ile halua yake, na hasira ikanipanda.

"Kwani umelivaa?" nikamwuliza.

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni. Sikuiona ikija. Nilisikia jino linaachia, kisha chumvi. Akanishika nywele, akanibamiza kwenye mlango wa kabati, na mlango ukafunguka, vikombe vikatumwagikia. Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo: alipiga kimyakimya, kwa mpangilio, mtu anayejua pa kupiga na anayesikiliza majirani. Mchi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikaushusha kwenye kifundo cha mkono wake, kitu kikalia ndani, akaniachia. Nikampiga tena, begani, na tena, na sitasema nilimhurumia. Ningempiga kichwani kama ningefika. Alinisukuma nikaanguka juu ya vigae vya vikombe, akanikanyaga mbavuni.

Jirani yangu, mama wa Kikongo anayefanya kazi ya kulea wazee, aliingia bila kubisha. Alikuwa na sare yake ya kazi na kandambili moja, nyingine ameishika mkononi.

"Unapiga mwanamuke?" akamwambia. "Unapiga mwanamuke, na mimi niko hapa? Rudia! Rudia nione!" Akamzaba kandambili usoni, akasimama katikati yetu na mwili wake wote mpana, huku simu iko sikioni tayari, anawatajia polisi anwani kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza.

Hospitali walinishona mdomo. Polisi wakaja na maswali yao. Kwa nini alikuja kwako? Kwa sababu ya wimbo. Nani ameuandika? Mimi. Nilisema hivyo kwa mdomo wenye nyuzi, na wakaandika.

Habari zikaenea, na hapo ndipo nilipopata adhabu nisiyoitarajia. Nilisifiwa. Wanawake walinipigia simu. Kumbe malenga tunaye hapa, na tunadhani ni mtu wa vitabu tu! Wengine walisema nimejitakia, mtu mzima haandiki mambo kama yale, lakini hata hao waliongeza kwamba ile arusi ya nani, ah, ile imekaa. Nilisema ahsante. Ningefanya nini?

Shoga yangu alikuja mchana mmoja na chupa ya uji wa pilipili manga. Mumewe alikuwa nje kwa dhamana, haruhusiwi kunisogelea. Hakukaa. Aliiona blauzi yangu yenye damu kwenye ndoo ya nguo chafu, akaichukua, akafungua maji ya baridi, akatia chumvi, akaanza kuifikicha. Alifanya hivyo bila kufikiri. Mimi nilimtazama mikono.

"Nani alikutuma?" akauliza, mgongo umenielekea.

"Alikuwa na simu yako. Alikuwa ameshajua."

"Nakuuliza nani alikutuma."

"Nilikuokoa!"

Akageuka, blauzi inachuruzika sakafuni. Sijapata kumwona hivyo. "Umeniokoa na nini? Mkono wake umefungwa plasta, basi anapiga kwa wa kushoto. Ndiyo umeniokoa? Shoga, nchi hii nimekaa miaka yote hii sina kitu changu. Nyumba jina lake. Gari jina lake. Watoto wakiniita, wananiita kwa Kiingereza. Nikatunga kitu kimoja. Nikakisikia kinaimbwa, watu wanalia, na miye nipo palepale nimekaa na hina yangu. Jana dada yangu ananipigia kutoka Unguja, ananiambia yule rafiki yako fundi kweli wa maneno." Aliirusha blauzi ukutani, ikabandika, ikateleza. "Hata hicho umekichukua."

Nami nikafoka. Nilimwambia ningemwachia amuue? Nilimwambia jina la nini likiwa juu ya kaburi? Tulipiga kelele mpaka yule mama wa Kikongo akagonga ukuta. Kisha shoga yangu akavaa koti lake, akaondoka, na uji ukabaki mezani.

Nilirudi maktaba uso ukiwa bado wa kijani na njano. Nikalifungua lile faili la kasisi na sikuweza kusoma. Siku zote nilikuwa nimemtukana mwizi. Sasa wazo likaniingia na halikutaka kutoka: vipi kama mumewe yule mwanamke alikuwa anatafuta mwenye wimbo, nyumba kwa nyumba, na koleo mkononi? Vipi kama kasisi alisema, ni wangu? Pengine alikuwa mwizi kweli. Pengine alikuwa mwoga, au mtu mwema. Maneno hayasemi. Ninachokijua ni kwamba mwanamke yule alibaki bila wimbo kwa vyovyote vile, na wala hakuna aliyemwuliza. Nililifunga faili kwa kishindo, mtu wa meza ya jirani akaruka.

Siku ya kesi, tulikuwa kwenye ukumbi mrefu nje ya chumba cha mahakama. Mimi nimekaa huku, na mwendesha mashtaka. Mshtakiwa kule mwisho, na wakili wake. Shoga yangu alikuwa amekaa upande wa mumewe, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya mahakama, amempakatia koti. Mwendesha mashtaka alikuwa amenieleza yatakayonikuta: wakili wa yule bwana atasema nilimchokoza kwa matusi ya kishairi, kwa hiyo ataniuliza, chini ya kiapo, kama wimbo nimeutunga mimi.

Nilikuwa nimekesha na hilo. Nikiapa kwamba ndiyo, nimesema uongo mbele ya Mungu na nimemnyang'anya shoga yangu mara ya pili, safari hii kwa mhuri. Nikisema siyo, nimemkabidhi kwa mumewe, na wanarudi nyumbani kwa gari moja. Nikamtazama shoga yangu kule mwisho, nikitaka ishara yoyote. Hakunitazama.

Aliinuka. Koti likaanguka chini naye hakuliokota. Akasimama mbele ya mumewe, karibu kabisa, na akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, Kiswahili kitupu:

"Ni wangu. Yule pale hawezi kutunga, hajui hata kupima mizani, yeye anasoma vya wafu. Wimbo ni wangu, kila neno. Niliutunga natandika kitanda chako. Niliutunga na wewe umelala unakoroma. Na ningeuandika tena."

"Kaa chini," mumewe akasema, kwa ile sauti ndogo.

"Mwambie wakili wako. Mwambie alompiga siye."

"Kaa chini."

"Arusi yako hii," akasema, na akacheka.

Mumewe akampiga. Pale, mbele ya wakili wake, mbele ya askari wawili wa mlangoni, mbele ya watu waliokuja kwa kesi za magari. Alimpiga kwa mkono wa kushoto, usoni, kwa mazoea kabisa, na kichwa cha shoga yangu kikagonga ukuta. Alikuwa ameinua mkono mara ya pili askari walipomwangusha, wakamlaza kifudifudi juu ya lile koti. Alikuwa anawaambia kwa Kiingereza cha adabu kwamba kuna kutoelewana.

Nilimfikia shoga yangu, nikapiga magoti. Damu ilikuwa inamtoka puani, inaingia mdomoni, inachuruzika kwenye mtandio. Nikamshika. Alinisukuma mkono, si kwa ubaya, akajiegemeza mwenyewe ukutani na kuendelea kusema kwa Kiswahili, haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyefunguliwa bomba.

Askari mmoja wa kike alichuchumaa karibu yetu. Aliniuliza kama naelewa lugha hiyo. Nikasema naielewa. Akauliza, anasema nini?

"Anasema wimbo ni wake," nikamwambia.

"Wimbo gani?"

Nikamgeukia shoga yangu. Nikamwachia ajibu mwenyewe.